Uwanja Uliochelewa Norman

Mwaka 1995 Patty Gasso alianza kuwanoa wasichana wa softiboli wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, mjini Norman, na timu aliyokabidhiwa haikuwa na uwanja. Chuo chenyewe hakikuwa fukara wa viwanja. Wanaume wa besiboli walikuwa na L. Dale Mitchell Park tangu 1982. Wanaume wa futiboli ya Kimarekani walikuwa na jumba la zege lenye nafasi ya watu zaidi ya 70,000 kwa Jumamosi za vuli. Wasichana wa softiboli walichezea Reaves Park, bustani ya manispaa, mahali ambapo jioni watu wazima huja kucheza ligi zao za kujifurahisha baada ya kazi. Kocha huyo amesimulia hadharani jinsi yeye na wachezaji wake walivyookota makopo na takataka kabla ya kuanza mazoezi.

Mimi naishi Norman na bustani hiyo naijua. Ni nzuri kwa matembezi, ina miti, ina watoto wengi siku za mapumziko. Lakini bustani ya umma haijengwi ili timu ya chuo kikuu iwe na chumba chake, bafu lake, mahali pa kuhifadhia magongo na glavu, au jukwaa ambalo mzazi aliyesafiri saa sita kumwona binti yake ataketi bila kupigwa na upepo wa Oklahoma. Na upepo huu, asiyewahi kufika hapa hawezi kuuelewa kwa kuambiwa. Mwezi Machi unaweza kukuvua kofia mara tatu kati ya gari na lango.

Nilikuja hapa nikimfuata mume wangu masomoni, nikiwa tayari nimefundisha michezo katika shule za sekondari Tanga na Morogoro. Nilikuwa mwalimu wa netiboli na riadha, na kila mwaka nilipeleka wasichana kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Kwa hiyo nikiingia uwanjani popote pale, jicho langu halianzii kwenye nyasi. Huanzia kwenye vyoo. Kisha natazama wachezaji wanabadilishia wapi nguo, maji ya kunywa yako wapi, na taa zipo au hazipo. Historia ya uwanja wa softiboli wa Norman nimeisoma kwa jicho hilo, na naamini ndiyo njia sahihi ya kuisoma. Katika michezo ya wanawake, vikombe huonyesha nani alishinda, lakini mabafu na taa huonyesha nani aliheshimiwa, na tangu lini.

Mchezo wenyewe ulizaliwa ndani ya nyumba. Siku ya sikukuu ya Shukrani, Novemba 1887, kundi la vijana wa kiume lilikuwa limekaa katika klabu ya Farragut Boat Club, Chicago, likisubiri simu ya maandishi ilete matokeo ya mchezo wa Yale na Harvard. Habari ilipofika, mmoja wao kwa furaha akarusha glavu ya ngumi, na mwingine akaipiga kwa fimbo. George Hancock, mwandishi wa habari aliyekuwepo, akaifunga glavu ile kwa kamba zake ikawa kama mpira, akachora mistari sakafuni kwa chaki, na besiboli ya ndani ikaanza. Baadaye ikatoka nje, ikabadilishwa majina mara kadhaa, hadi 1926 Walter Hakanson wa Denver alipopendekeza jina la softiboli. Mwaka 1933 mashindano makubwa yalifanyika kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago, ya wanaume na ya wanawake pia, na mwaka huohuo chama cha taifa kikaundwa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, haya yatosha kuujua. Mrushaji huzungusha mkono na kuuachia mpira kwa chini, kutoka mita 13.1. Mpira una mzingo wa sentimita 30 hivi, na leo una rangi ya njano kali. Mpigaji akiugonga hukimbia besi nne, kila moja mita 18.3 kutoka nyingine. Uzio wa mbali uko kwenye mita 60 na ushei, na mpira ukiuruka uzio huo mpigaji huzunguka besi zote bila kuguswa. Mrushaji hodari wa chuo hufikisha kilomita 110 kwa saa, kwa hiyo mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache. Neno "laini" lililomo katika jina la mchezo huu lisimdanganye mtu: mpira huo ukikupata mbavuni utaukumbuka wiki nzima.

Tofauti nyingine na besiboli ni udongo. Eneo lote la ndani, pale penye besi, halina nyasi hata unyasi mmoja. Ni ardhi tupu, mchanganyiko uliopimwa wa mfinyanzi, mchanga na vumbi laini. Wachezaji huteleza juu yake kwa paja na kiwiko, na mpira hudunda juu yake kwa kasi. Ukiwa mkavu sana huwa sakafu, unachuna ngozi. Ukiwa na maji mengi unanasa kiatu na kuvunja kifundo cha mguu. Kwa hiyo uwanja mzuri wa softiboli una watu wa kuutunza kila siku: wanaupara, wanaumwagilia, wanaufunika kwa turubai mvua inapotishia. Niliwahi kusimama kwenye uzio kabla ya mchezo nikiwatazama vijana wawili wakimwagilia kwa mpira mrefu, mmoja akishika mdomo wa bomba na mwingine akiubeba mpira usiburuzwe juu ya udongo uliokwisha kusawazishwa. Kazi ile hufanyika kabla geti halijafunguliwa. Timu inayopangishwa bustani ya manispaa haina watu hao.

Sheria iliyokuja kubadili mambo ilitiwa saini na Rais Nixon tarehe 23 Juni 1972. Wamarekani huiita Title IX. Iliandaliwa bungeni na watu kama Edith Green wa Oregon, Patsy Mink wa Hawaii na seneta Birch Bayh wa Indiana. Patsy Mink alikuwa ametaka kuwa daktari, na vyuo vya udaktari vikamkataa kwa kuwa mwanamke. Hasira hiyo aliipeleka bungeni, na leo sheria hiyo hubeba jina lake rasmi. Yanayosemwa ndani yake ni machache: hakuna mtu atakayebaguliwa kwa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Michezo haikutajwa. Ni kanuni za 1975 zilizoingia uwanjani na kuanza kuhesabu: vifaa, ratiba za mazoezi, posho za safari, makocha, na, kwa kutajwa waziwazi, vyumba vya kubadilishia nguo pamoja na viwanja vya mazoezi na vya mashindano.

Nilipousoma mstari huo kwa mara ya kwanza niliuweka kitabu chini. Kumbe kulikuwa na nchi ambayo mtu aliketi ofisini akaandika katika kanuni za serikali kwamba msichana anayecheza anahitaji mahali pa kuvulia sare yake. Katika shule moja niliyofundisha, wasichana wangu walibadilishia nguo nyuma ya darasa: wawili walitanda khanga, wa tatu akavaa, kisha wanapokezana. Wavulana walikuwa na stoo ya vifaa. Nilimwomba mkuu wa shule wakati ule atupatie stoo hiyo hata kwa zamu. Jibu lilikuwa kwamba wasichana hawakai sana kwenye michezo, wataolewa. Msichana mmoja aliyekuwa mfungaji wetu hodari aliacha timu, na sababu aliyonipa ilikuwa ile khanga. Alichoka kuvaa huku akitazamwa kutoka dirisha la bweni.

Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja, na uwanja kujengwa ni jingine. Mwaka 1971–72 wasichana waliocheza michezo katika sekondari zote za Marekani walikuwa wapatao 294,000. Leo wamepita milioni 3. Hawakupata nafasi hizo kwa hisani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliifinya sheria hiyo kiasi kwamba michezo ya vyuo karibu ikatoka nje yake, na Bunge likalazimika kuirudishia nguvu 1988 kwa kuipiku kura ya turufu ya Rais Reagan. Hapa Norman penyewe, mwaka 1990, chuo kilitangaza kuifuta timu ya mpira wa kikapu ya wanawake. Kelele zilizopigwa nchi nzima zilikuwa kubwa hivi kwamba siku nane baadaye wakairudisha. Mwaka 2002 timu ileile iliyofutwa ilicheza fainali ya taifa. Watu wa hapa hawapendi kuikumbusha habari hiyo, lakini mimi naona haifai kusahauliwa, kwa sababu inaonyesha chuo kilikuwa na mawazo gani kuhusu wanawake miaka mitano tu kabla Gasso hajafika.

Mashuleni vita vilikuwa vya rejareja. Jimbo la Oklahoma lilikuwa na mazoea ya kuwachezesha wasichana wa sekondari softiboli ya polepole, ile ambayo mpira hurushwa juu ukashuka taratibu. Vyuo vikuu vilikuwa vinacheza ile ya kasi. Matokeo yake, binti wa Oklahoma aliyecheza miaka minne kwa juhudi zote alimaliza shule akiwa hana ujuzi ambao chuo kingelipia masomo yake. Kaka yake wa besiboli hakuwa na tatizo hilo. Ray Yasser, profesa wa sheria mjini Tulsa, pamoja na wakili mwenzake, walizishtaki wilaya za shule moja baada ya nyingine katika miaka ya 1990, na mchezo wa kasi ukaingia.

Kesi ninayoipenda kuliko zote, ingawa ilikuwa Florida, ni ya wilaya ya Brevard mwaka 1997. Shule ilikuwa na viwanja viwili, besiboli ya wavulana na softiboli ya wasichana. Kwa wavulana kulikuwa na ubao wa matokeo wa umeme, mabenchi ya kutosha, chumba cha mtangazaji, kibanda cha vyakula, kizimba cha kujifunzia kupiga, vyoo, na taa za usiku. Kwa wasichana orodha hiyo ilikuwa karibu tupu. Jaji aliipitia kitu kimoja baada ya kingine. Wilaya ikasema haina fedha, kisha ikaja na pendekezo ambalo hadi leo likinijia akilini hunichemsha damu: wangeuzima ubao wa wavulana, wangeyazungushia kamba mabenchi yao na kukifunga kibanda chao, ili wote wawe sawa. Jaji hakukubali usawa wa namna hiyo. Nawashukuru walioifungua kesi ile. Orodha ya jaji yule, kuanzia taa hadi vyoo, ningeibandika kwenye ofisi ya kila mkuu wa shule ninayemjua.

Norman ilipata uwanja wake mwaka 1998. Ulijengwa mahsusi kwa softiboli, ndani ya ardhi ya chuo, na ukaja kupewa jina la Marita Hynes, aliyeifundisha timu hiyo kati ya 1977 na 1984 na baadaye kuingia katika uongozi wa michezo chuoni. Ulikuwa na viti vilivyozidi kidogo 1,300. Miaka miwili tu baadaye, mwezi Mei 2000, wasichana wa Gasso waliwashinda UCLA 3–1 wakawa mabingwa wa taifa. Hakuna timu ya wanawake ya chuo hicho, ya mchezo wowote, iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Sisemi uwanja peke yake ndio uliowapa ubingwa. Mrushaji asiyejua kurusha hafundishwi na zege. Ila nimefundisha michezo, najua kinachotokea timu inapopata mahali pake. Mazoezi huanza saa iliyopangwa. Vifaa havisombwi kila siku kutoka gari hadi uwanjani na kurudi. Kocha anapomleta msichana mwenye kipaji kutoka California kumwonyesha chuo, ana cha kumwonyesha. Na jirani anajua siku ya Jumamosi aende wapi.

Majirani walikuja. Hilo ndilo jambo ambalo historia ya uwanja ule wa Hynes inanifanya nilirudie kila ninapopata nafasi. Kwa miongo mingi wakubwa wa michezo walituambia, huku na kwetu pia, kwamba michezo ya wanawake haina watazamaji. Norman waliweka viti 1,300 na vikajaa. Timu ilipochukua ubingwa tena 2013, kisha 2016 na 2017, tiketi zilikuwa hazipatikani. Nilikuwa nikiona watu wamekuja na viti vya kukunja, wamekaa nyuma ya uzio wa mbali wakitazama kupitia nyavu, bibi na wajukuu, na vijana wa kiume wakiwa wamevaa fulana zenye majina ya wasichana mgongoni. Watazamaji walikuwepo miaka yote. Viti ndivyo havikuwepo.

Mwaka ule wa 2013 una uchungu wake. Tarehe 20 Mei kimbunga kilipita Moore, mji ulio kati yetu na Oklahoma City, kikaua watu 24, wakiwemo watoto waliokuwa shuleni. Wiki mbili baadaye timu ilipita njia hiyohiyo kwenda kucheza fainali. Mchezo wa kwanza dhidi ya Tennessee ulikwenda raundi 12 badala ya 7, hadi Lauren Chamberlain alipoutoa mpira nje ya uzio. Hapa mtu mzima akikusimulia usiku huo, husimulia na kimbunga pamoja, havitenganishi.

Uwanja wa fainali uko Oklahoma City, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, nao una historia yake inayoenda sambamba. Mashindano ya taifa ya vyuo yalianza Omaha, Nebraska, mwaka 1969, kabla hata ya ile sheria, na mabingwa wa kwanza walikuwa chuo kidogo cha mji wa Wahoo kiitwacho John F. Kennedy College, walitwaa mara tatu mfululizo, na leo chuo chenyewe hakipo tena. Chama cha NCAA, kilichokuwa kikishughulika na wanaume, kiliyachukua mashindano ya wanawake 1982. Mwaka 1990 yakahamia Oklahoma City, katika uwanja uliofunguliwa 1987 kando ya makao makuu ya chama cha taifa cha softiboli, na tangu hapo, isipokuwa 1996, hayajaondoka. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa ajili ya UVIKO.

Ghorofa ya juu ya viti iliyokamilika mwaka huo iliufikisha uwanja ule kwenye watu wapatao 13,000. Nilikwenda 2021, mara ya kwanza ghorofa hiyo ilipotumika kwa mashindano ya vyuo. Nimezoea kuona jukwaa limejaa wanaume wakimshangilia mwanamume. Kuona zaidi ya watu 12,000 wamesimama kwa ajili ya Odicci Alexander, mrushaji wa James Madison, chuo ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia, kilikuwa kitu kingine. Aliwaangusha Oklahoma, timu ya nyumbani, siku ya kwanza. Na alipotolewa uwanjani mara ya mwisho, mashabiki wa Oklahoma wenyewe walisimama wakampigia makofi.

Mwaka huohuo, hata hivyo, yakatoka mambo yaliyoniuma. Viti viliongezwa juu, lakini chini, kwa wachezaji, hakukuwa na mabafu. Wasichana walicheza mchana kwenye joto, wakapanda basi na udongo wao, wakarudi usiku kucheza tena. Mchezo mmoja ulicheleweshwa na mvua ukaisha saa nane usiku. Ratiba haikuwa na siku ya kupumzika. Wanaume wa besiboli, kule Omaha, walikuwa na siku za mapumziko na mabafu ya kutosha, ingawa mwaka huo watazamaji wa televisheni wa wasichana kwa wastani waliwazidi wa wanaume. Makocha walisema wazi, magazeti yakaandika, na mwaka uliofuata ratiba ikatanuliwa. Hebu fikiria: miaka 49 baada ya sheria, mbele ya kamera za nchi nzima, na bado suala ni bafu.

Norman, wakati huo, ilikuwa imekwisha kuona kwamba uwanja wa 1998 umezidiwa. Fedha zilikusanywa. Familia ya Love na kampuni yao ya vituo vya mafuta vya barabarani, iliyoanza 1964 katika mji mdogo wa Watonga humuhumu Oklahoma, walitoa dola milioni 12, na uwanja ukapewa jina lao, Love's Field. Gharama nzima ilikuwa karibu dola milioni 48. Ulifunguliwa tarehe 1 Machi 2024 ukiwa na nafasi ya watu 4,200. Siku mbili tu baadaye, humohumo ndani, Louisiana walikuja wakaukatiza mfululizo wa Oklahoma wa kushinda michezo 71. Nilisikitika kama kila mtu. Lakini nilipotazama huku na huku sikuona kiti kitupu, na watu hawakuondoka mapema.

Nilikwenda na binti wa kaka yangu, aliyezaliwa huku na anayecheza katika timu ya shule yake. Tuliuzunguka uwanja kwa miguu kabla ya mchezo. Kuna jengo la mazoezi ya ndani ambalo timu hulitumia baridi ya Februari inapozidi, maana msimu huanza wakati huo, mara nyingine barafu ikiwa bado iko kando ya barabara. Kuna vizimba vya kupigia, vyumba vya wachezaji, chumba cha tiba, chumba cha mikutano ya timu ambako hutazama video za wapinzani. Kuna mteremko wa nyasi ambako familia zenye watoto wadogo hutandika mablanketi. Nilihesabu milango ya vyoo vya wanawake nikaridhika.

"Shangazi," akaniuliza, "nyie shuleni kwenu mlikuwa mnabadilishia wapi?"

Nikamweleza habari za khanga. Hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jina la yule mfungaji aliyeacha, na kama aliendelea kucheza popote. Nikamwambia hapana.

Kuna wenzangu wa nyumbani wanaoniambia kwamba dola milioni 48 kwa wasichana wa kuchezea mpira ni kufuru wakati kuna shule zisizo na madawati. Hoja hiyo naiheshimu, lakini naona inaelekezwa pasipo. Fedha za namna hiyo nchi hii huzitumia kila mwaka kwa viwanja vya wanaume na hakuna anayeuliza habari za madawati. Na kwetu, kilichomtoa yule mfungaji wangu kwenye timu hakikuhitaji milioni hata moja. Kilihitaji mlango wenye komeo. Dar es Salaam leo, katika Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na softiboli ya wasichana ina wachezaji wake Tanzania. Mchezo umekwisha kufika. Wanaosimamia viwanja hivyo, na vya netiboli, na vya soka la wanawake, waanze hesabu zao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, halafu maji, halafu taa. Ubao wa matokeo utafuata.

Gasso bado yuko Norman. Mwaka 2024, msimu uleule wa uwanja mpya, timu yake iliwashinda Texas ikawa ya kwanza kutwaa ubingwa wa taifa mara nne mfululizo, na jumla yake ikafika vikombe vinane. Wanaoshika gongo pale leo walizaliwa baada ya uwanja wa 1998 kufunguliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuokota kopo kwenye bustani ya manispaa kabla ya mazoezi.

Mwaka 2028 softiboli inarudi kwenye Olimpiki. Michezo hiyo inaandaliwa na Los Angeles, lakini softiboli haitachezwa huko. Waandaaji walitafuta uwanja uliokwisha kujengwa, wenye viti vya kutosha kwa ajili ya mchezo huu, na wanawake wa dunia nzima watakuja kuchezea Oklahoma City.